Tiketi ya pointi si tiketi ya bure

Mama mmoja wa Ipinda, wilayani Kyela, aliitwa Marekani na binti yake aliyekuwa karibu kujifungua. Tiketi ilipokuja ilikuwa ya daraja la biashara, kile kiti kinachonyooka kuwa kitanda. Majirani wakaambiwa imelipwa kwa pointi za kadi ya benki, yaani bure.

Binti alikuwa na sababu. Mama ana magoti mabovu, na safari ni ndefu: gari hadi uwanja wa Songwe, ndege hadi Dar es Salaam, kisha ndege nyingine mbili. Shirika la Afya Duniani linasema kukaa safarini zaidi ya saa 4, iwe kwenye ndege au basi, huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda miguuni, ingawa wanaopatwa ni wachache. Kiti kipana husaidia, lakini kinga kubwa ni kuinuka na kutembea, na kuzungusha vifundo vya miguu ukiwa umekaa. Hilo hata abiria wa basi la Kyela kwenda Dar anaweza kulifanya. Aliyewahi kuganda damu, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kabla ya safari.

Sasa hizo pointi. Kadi nyingi tunazotumia hapa nchini hutoa pesa yako mwenyewe. Kadi ya mkopo hutumia pesa ya benki, nawe unalipa mwisho wa mwezi. Kila ukinunua unapewa pointi, na zikijaa unazibadili kwa tiketi, ingawa kodi bado unalipa. Ukimaliza deni lote kwa wakati, umefaidi. Usipomaliza, riba inaanza. Kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, deni la dola 1,000 huzaa dola 20 hivi kila mwezi. Pointi za manunuzi hayo mara nyingi zina thamani ya dola 10 au 20, tena mara moja tu.

Mama aliyajua hayo akiwa kule kule, mtoto ana wiki mbili. Binti hakuwa kazini, barua za benki zilikuwa zinakuja, na bado kila mwezi alituma hela ya bati za nyumba ya Ipinda. Alipoelezwa, mama hakuhitaji hesabu ndefu. Mumewe aliwahi kuuza kakao ikiwa bado mtini ili alipe ada ya shule. Mavuno yalipofika bei ilikuwa nzuri, lakini kakao ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mwanangu," alimwambia, "hii ni kakao ya mtini. Usitume hela nyumbani mpaka deni liishe. Mchele tunao."

Kaka mtu alinung'unika, na nyumba ikapitisha masika bila bati. Deni lilichukua miezi saba.

Wazazi wengi tunaona aibu kumuuliza mtoto aliye mbali amelipaje zawadi. Tunaogopa ataona hatushukuru. Lakini mtoto anayekopa ili mama asafiri vizuri mara nyingi hatasema mwenyewe, kwa sababu anaogopa kutuangusha. Aulizwe mapema, kabla ya tiketi kukatwa: kadi hiyo unailipa yote kila mwezi? Kama jibu ni hapana, kiti cha kawaida kinatosha, mradi mama ainuke atembee.