Jina la Mzee Wetu: Matembezi ya Idd Dar es Salaam



Idd iliyopita tulikwenda Dar es Salaam, sisi jamaa wa Mombasa, watu wazima wanne na watoto saba. Tulivuka mpaka kwa basi tukafikia kwa shangazi yetu, Kariakoo. Kabla ya kuondoka nyanya alituusia neno moja: "Mkifika, mwombeeni babu yangu. Alikwenda na Kariakoo, hakurudi tena." Watoto wakadhani mzee alipotelea sokoni!

Shangazi ndiye aliyewafafanulia. Kariakoo si jina la soko tangu asili. Latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na hapo mtaani ikawa kambi ya wapagazi hao. Nairobi nako kuna Kariokor, jina lile lile. Mwaka 1917 vijana wengi wa Kenya walikamatwa kwa nguvu wakabebeshwa risasi na vyakula vya jeshi. Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi wapatao 100,000 au zaidi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi.

Siku ya pili ya Idd tuliwapeleka watoto Mnazi Mmoja. Walikimbia na mabaluni mpaka wakachoka. Sisi wakubwa tulikaa kivulini tukizungumza habari za uwanja wenyewe. Wakati wa Waingereza ukanda huu uliachwa wazi makusudi, ili Kariakoo ya Waafrika itengwe na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Leo watoto wa kila rangi wachezea pale pale palipokusudiwa wasikutane. Alhamdulillah.

Alasiri tukatembea hadi Barabara ya Samora kuiona sanamu ya Askari. Hatukwenda kuitukuza, tulikwenda kusoma yaliyopita. Zamani za Wajerumani palisimama hapo sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyevunja upinzani wa watu wa pwani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889 katika vita hivyo. Chini ya Wissmann waliweka askari Mwafrika akimtazama bwana wake juu. Waingereza waliiondoa, baadaye ikasimamishwa Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1968. Huyu Askari wa sasa aliwekwa mwaka 1927. Ameshika bunduki yenye singe, ameelekea bandarini, wala hana bwana wa kumtazama.

Kijana wetu wa darasa la nne, asomaye chuoni, aliona herufi za Kiarabu kwenye maandishi ya sanamu. Akaanza kusoma kwa sauti, kisha akashangaa: "Mbona hiki ni Kiswahili?" Kweli, ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu. Yale maandishi yanaahidi kwamba waliokufa vitani, majina yao yatakumbukwa na watoto wao.

Mtoto akazunguka jiwe lote, akarudi. "Majina yenyewe yako wapi?"

Hayapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Akauliza tena: "Na babu yake nyanya aliitwa nani?"

Tukatazamana. Watu wazima wanne, hakuna aliyejua. Tulikuwa tunawalaumu Waingereza kwa kutoandika, na sisi wenyewe hatukuuliza. Jina tumwombee nani?

Tukampigia nyanya simu pale pale, magari yakipiga honi. Alinyamaza kidogo, kisha akalitaja jina, na la baba yake, na la babu yake. Mtoto akayaandika kwenye daftari lake la chuoni, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Nyanya akasema, "Miaka yote hii hamjaniuliza." Alikuwa akilia. Usiku ule tulimwombea mzee kwa jina lake.

Ndugu zetu, tukiwatembeza watoto mijini tusiishie kwenye aiskrimu na picha. Tuwaulize: uwanja huu ulikuwa nini, na sanamu hii ilimsahau nani? Tukirudi nyumbani tukae na wazee wetu, kalamu mkononi, maadamu wangali hai. Jiwe lililoahidi kukumbuka halina jina hata moja. Daftari la mtoto wetu sasa lina matatu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia. Wassalaam.