Kadi ya kliniki ya mdogo wangu

Mdogo wangu ana karatasi mbili tu za kumtetea: cheti cha kumaliza darasa la saba na kadi ya kliniki. Kadi imechakaa kwenye mikunjo, lakini mwandiko wa muuguzi bado unasomeka: Kirando, 1999, kilo nane na nusu.

Hakuzaliwa Kirando. Alivushwa Ziwa Tanganyika usiku akiwa mgongoni mwa bibi yake, wakikimbia vita upande wa Moba, Kongo. Dada yake wa miaka minne alikuwa pembeni yao kwenye boti. Bibi alifariki kabla ya mwaka kwisha, na mama yangu mdogo, jirani yao, akawachukua watoto wote wawili. Wakati huo baba alikuwa akileta migebuka na dagaa Sumbawanga. Safari moja akapanda nao mlima, wakaja kuishi kwetu.

Shuleni baba aliwaandikisha kwa jina lake. Nadhani hakuona kama anadanganya. Kwetu Ufipani mtoto anayekula ugali wa ulezi kwenye sahani yako ni wako, basi. Mimi mwenyewe nilikuwa darasa la nne ndipo nikasikia, tena kwa jirani aliyekasirika, kwamba hatukuzaliwa tumbo moja.

Mambo yaliharibika ilipofika zamu ya namba ya NIDA. Fomu inauliza wazazi walizaliwa wapi. Baba alitaka tujaze kama shuleni. Mdogo wangu akakataa. "Dada, nikidanganya hapo, nitadanganya mpaka kaburini." Akasema ukweli, fomu ikarudi.

Leo ana mke Mfipa na watoto wawili. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole za mkewe. Anaendesha bodaboda ya mtu bila leseni, na akisikia Uhamiaji wapo barabarani, anashinda ndani.

Mke wake alipopata uchungu wa mtoto wa pili, kulikuwa na uvumi kwamba kuna ukaguzi stendi. Akaogopa kutoka. Mtoto akazaliwa nyumbani, kisha damu ikakataa kukata. Mimi ninayeandika kila mara kwamba kutokwa na damu baada ya kujifungua kunaua akina mama, nilipigiwa simu saa nane usiku na wifi yangu alikuwa ameshaanza kupoteza fahamu. Alipona. Hospitalini hakuna aliyeuliza uraia wa mtu. Waliuliza kundi la damu.

Nimesikia hoja za wanaotaka watu kama yeye warudishwe, na nyingine ni za kweli. Mpaka wetu na Kongo ni maji, na wapo wanaovuka na silaha. Nchi isiyojua nani yumo ndani yake haiwezi kupanga hata idadi ya chanjo. Lakini aliyevunja sheria usiku ule ni bibi, na aliyeendeleza ni baba yangu. Mtoto wa mwaka mmoja alifanya nini? Akishushwa Moba, atashukia kwa nani? Kitabwa hajui hata salamu.

Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, waliondolewa hata watu waliokuwa na wenza na watoto Watanzania. Baadaye Uhamiaji, huko Kigoma, Kagera na Geita, waliandikisha walowezi kwanza ili ijulikane nani ni nani. Hiyo ndiyo njia ninayoitaka. Tumewahi kufanya kubwa zaidi: wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, wapatao 162,000, walipewa uraia. Wengi walikuwa Katumba na Mishamo, ambako kabla ya Katavi kuanzishwa mwaka 2012 kulikuwa ndani ya mkoa wetu huu wa Rukwa. Marekani, yenye ugomvi mkubwa juu ya jambo hili, tangu 2012 ina mpango wa DACA unaowakinga na kufukuzwa baadhi ya walioingia wakiwa watoto, ingawa ni kibali cha miaka miwili miwili na si uraia.

Dada yake ana mlango mmoja. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke aliyeolewa na raia kuomba uraia kwa ndoa yake. Mwanamume aliyeoa raia hakuwekewa mlango huo. Watoto wawili, boti moja, na kinachowatenganisha ni kwamba mmoja ni wa kike!

Mzazi unayesoma hapa, kama unalea mtoto aliyeletwa hivyo, usimfiche chini ya jina lako kama tulivyofanya sisi. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri angali mdogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina utaratibu wa malezi ya kambo, na karatasi ya ofisi ingemfaa mdogo wangu kuliko huruma yetu yote.

Jumatatu anakwenda Uhamiaji kujieleza kwa hiari yake. Baba, ambaye sasa ana miaka sabini na miguu inamsumbua, amesema watakwenda wote, akaeleze mwenyewe kuhusu lile jina. Mama ameshaitia kadi kwenye bahasha, pamoja na cheti cha darasa la saba.