Kiangazi Hakitoboi Bwawa

Kiangazi kinapoingia, watu wengi hukilaumu kwa kila upungufu wa maji unaotokea nyumbani. Mtungi ukikauka, lawama ni za jua. Bustani ikinyauka, lawama ni za jua. Na bwawa la samaki lililochimbwa nyuma ya nyumba likishuka, jua huhukumiwa bila ya kusikilizwa. Hata hivyo, mtu aliyewahi kulipima bwawa lake kwa uangalifu anatambua kwamba jua huchukua sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa aghalabu huibwa chini kwa chini, na mwizi huyo huwamo nyumbani tangu siku ya kwanza ya kuchimba. Mvua ndiyo iliyokuwa ikimficha.

Mji wa Jinja una sifa ya maji kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo mto Naili unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria, na hapo ndipo bwawa kubwa la umeme la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Utafiti wa samaki wa maziwa na mito nao umekuwa na makao mjini humo tangu mwaka 1947. Lakini maji ya ziwa hayapandi mlima yenyewe. Mwenye kiwanja mahali palipoinuka, mathalan upande wa Bugembe, hutegemea mvua, bomba au kisima kama mtu wa mahali pengine popote. Kwa kawaida mvua hupungua tangu Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, na muhula wa kwanza wa shule huanza mwezi Februari. Mambo hayo mawili yanapokutana, bwawa bovu huweza kuitia familia katika dhiki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa askari mmoja wa polisi na mkewe, waliochimba bwawa la mita 10 kwa mita 10 nyuma ya nyumba yao huko Bugembe, wakapandikiza vifaranga 300 vya ngege, samaki ambaye pwani huitwa perege. Nia yao ilikuwa wazi: samaki wavuliwe mwanzoni mwa Februari, na fedha zitakazopatikana zilipe karo ya watoto wawili. Miezi ya mvua ilipita kwa furaha. Bwawa lilijaa, na kila mgeni aliyefika alipelekwa kulitazama.

Kufikia katikati ya Januari, maji yaliyokuwa yakimfika mtu mzima kifuani yalikuwa yamemshuka magotini. Kila alfajiri samaki walionekana juu ya maji wakipanua vinywa. Hiyo ni dalili ya kukosa hewa, kwa maana hewa iliyomo majini hupungua sana usiku na huwa haba zaidi kabla ya jua kuchomoza. Na samaki wengi wakibanana katika maji machache, taabu huzidi.

Mume alishauri wakope fedha, waagize boza la maji. Mke hakukubali kukopa, bali alianza kuteka. Kila jioni yeye na watoto walibeba majerikani 20 ya lita 20 kutoka bomba la mtaa na kuyamwaga bwawani. Watoto wakawa wanasinzia juu ya daftari. Maji ya kupikia na kufulia yakaanza kupimwa kwa kikombe. Hata hivyo, kila asubuhi alama ya maji ilikuwa chini ya ile ya jana, na nyumba ile iliyokuwa na mazungumzo mengi ikawa na ukimya.

Ndipo mke alipomkumbusha mumewe kwamba kaka yake mkubwa, mwanajeshi mstaafu anayeishi Mbale chini ya mlima Wanale, aliwahi kupatwa na shida ya namna hiyo. Mume akapanda basi, akapitia Iganga na Tirinyi, akafika Mbale alasiri. Baada ya salamu na chai, alieleza habari yote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Shemeji, huko jeshini hatukuwa tukimpiga risasi adui ambaye hatujamwona. Wewe adui wako umemwona?"

"Ni jua, shemeji. Jua la mwaka huu ni kali."

"Jua la Jinja ndilo jua la Mbale, na bwawa langu lile pale. Rudi nyumbani ukapime kwanza. Ukishajua maji yanakwenda wapi, hapo ndipo utafute fedha."

Kipimo alichofundishwa hakihitaji chombo cha gharama. Mtu huchukua ndoo, akaijaza maji, akaisimamisha ndani ya bwawa juu ya mawe, mdomo wake ukiwa nje, ili maji ya ndani ya ndoo yawe karibu sawa na yale ya nje. Kisha huweka alama mbili: moja ndani ya ndoo, nyingine juu ya mti uliochomekwa bwawani. Siku hiyo maji hayaongezwi wala hayatekwi, na mifugo huzuiwa. Baada ya saa 24, alama husomwa. Maji yaliyopungua ndani ya ndoo yamechukuliwa na jua na upepo, kwa kuwa ndoo haivuji. Upungufu wa bwawa ukizidi ule wa ndoo, kile kilichozidi ndicho kilichovuja.

Kule Bugembe ndoo ilipungua nusu sentimita. Bwawa lilipungua sentimita 4. Mke, ambaye huweka hesabu za nyumba, alikaa na kalamu. Bwawa la mita 10 kwa mita 10 likishuka sentimita 1, maji yaliyopotea ni lita 1,000, yaani majerikani 50. Kwa hiyo jua lilikuwa likinywa majerikani 25 kwa siku, na ardhi ilikuwa ikimeza 175. Yale majerikani 20 yaliyowavunja watoto migongo hayakutosha hata kulipa deni la jua. Lile boza nalo lingemezwa na ardhi katika siku chache. Kadhalika, maji ya bomba yenye dawa ya klorini yakimwagwa kwa wingi mara moja huweza kuwaua samaki wale wale wanaokusudiwa kuokolewa.

Kazi ya pili ilikuwa kutafuta tundu. Majani mabichi wakati wa kiangazi ni shahidi asiyesema uongo. Kule Mbale, mzee alikuwa ameyaona majani yamestawi chini ya tuta la bwawa lake, mahali bomba la kutolea maji lilipopita. Udongo uliozunguka bomba haukushindiliwa, hivyo maji yalijipenyeza kando yake na kujitengenezea njia. Mzee alilichimbua tuta lile, akalizungushia bomba pete nene ya saruji mfano wa ukosi wa shati, kisha akarudisha udongo wa mfinyanzi kwa matabaka membamba, kila tabaka likishindiliwa kabla ya lingine. Maji yakakosa njia.

Pale Bugembe askari alilizunguka tuta mara tatu asione jani bichi wala udongo wenye unyevu. Maji nayo hayakuwahi kusimama mahali pamoja, bali yalishuka kila siku kuelekea chini. Maji yakishuka upesi kisha yakasimama, tundu huwa ubavuni, karibu na pale yaliposimama. Yasiposimama, shaka ielekezwe sakafuni. Hapo mume akakumbuka siku za kuchimba. Upande wa kina kirefu, majembe yalikuwa yamepita udongo mzito na kugonga changarawe nyekundu. Vibarua walifurahi kwa kuwa kazi ilikuwa rahisi, na hakuna aliyeona kwamba kifuniko cha udongo kilikuwa kimeondolewa.

Uamuzi haukuwa mwepesi. Kungoja Februari kungewaua samaki. Kuvua mapema kungemaanisha kuuza samaki wadogo kwa bei ndogo. Waliafikiana kuvua. Samaki wakubwa waliuzwa kwa majirani na sokoni, na wadogo wapatao 60 walihifadhiwa katika shimo dogo lililotandikwa turubai la plastiki, ambalo majerikani machache yaliweza kulitunza. Fedha zilizopatikana zililipa karo ya mtoto mmoja kamili, na ya pili nusu. Nusu iliyobaki ililipwa kidogo kidogo kutoka katika mshahara. Hata hivyo hakuna mtoto aliyebaki nyumbani, wala deni la boza halikuwako.

Kisha kiangazi kilichokuwa kikilaumiwa kikawa msaidizi, kwa maana bwawa kavu ndilo linalotengenezeka. Tope liliondolewa, na mizizi yote ikang'olewa. Sakafu ilitandazwa samadi ya ng'ombe, juu yake majani ya migomba, na juu ya majani udongo wa mfinyanzi walionunua kwa mafundi wa matofali. Udongo ulilowanishwa kiasi na kushindiliwa kwa miguu na magogo, tabaka baada ya tabaka. Samadi na majani vikioza bila hewa hufanya utando unaoziba vitundu vya ardhi. Sakafu ilifunikwa kwa majani na kunyunyiziwa maji, kwani mfinyanzi mpya ukiachwa juani hupasuka, na kazi yote huwa bure. Mvua za Machi ziliporejea, ndoo ilitumbukizwa tena. Bwawa lilipungua sentimita 1 kwa siku, na baada ya wiki kadhaa likakaribia kabisa kipimo cha ndoo. Hapo tu ndipo samaki walirudishwa.

Kwa familia inayofikiria kuchimba bwawa, njia nyepesi ni kuujaribu udongo kwanza. Chukua konzi ya udongo wa chini, uulowanishe, uufinyange kuwa donge, ulirushe juu na kulidaka. Donge likivunjika, udongo huo una mchanga mwingi. Likishikamana, kuna matumaini. Chimba kisha shimo linalofika kiunoni, lijaze maji jioni, na asubuhi lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakikaa hadi jioni bila kupungua sana, mahali hapo panafaa. Miti isipandwe juu ya tuta, kwa sababu mizizi yake hutoboa. Afisa wa uvuvi wa wilaya aombwe ushauri kabla ya jembe la kwanza, wala si baada ya samaki kuanza kuhema. Wenye watoto wadogo wajenge ua kulizunguka bwawa, na madimbwi yanayobaki maji yanaposhuka yafukiwe, kwa kuwa ndiyo malezi ya mbu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bwawa nalo lina ufa wake, ila ufa huo hauonekani kwa macho ya kawaida. Huonekana kwa ndoo moja, alama mbili, na uvumilivu wa siku moja. Mwenye nyumba anayeharakisha kumwaga maji kabla ya kupima huichosha familia yake na kuinywesha ardhi. Anayepima kwanza hujua lipi alilaumu jua, na lipi alishughulikie mwenyewe.