Pengo langu na skrubu ya laki moja na nusu

Wadau, kama mnaziangalia video zangu vizuri mtakuwa mmeona kwamba tangu Machi sicheki. Natabasamu mdomo umefungwa, ama naweka mkono kama bibi harusi. Sababu ni hii: nilianguka na bodaboda pale Ukunda, jino la mbele la juu likang'oka zima na mzizi wake. Sikujua kwamba jino kama hilo unaweza kulitia kwenye maziwa ukakimbia nalo kwa daktari, na ukiwahi ndani ya saa moja hivi linaweza kurudishwa. Mimi nililiacha barabarani.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kamera ndiyo ofisi yangu. Jamaa mmoja wa Diani aliyekuwa akinipa matangazo akaanza kunyamaza. Labda ni jino, labda biashara imekuwa ngumu. Lakini usiku ukiwa peke yako, kila kitu ni jino.

Nikaweka akiba. Nikapanda matatu hadi Likoni, nikavuka feri, nikaenda kumwona daktari wa meno Mombasa. Akanipiga eksrei, akanieleza: implanti ni skrubu ndogo ya titani inayotiwa ndani ya mfupa wa taya. Unangoja miezi mitatu hadi sita mfupa uishike, ndipo jino linawekwa juu yake. Bei kwangu mimi: laki moja na nusu. Nilikuwa na elfu sitini na mbili.

Hilo neno titani lilinichekesha. Sisi watu wa Kwale tumekua nalo. Base Titanium walichimba mchanga wetu kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, na shehena zilipakiwa melini hapo hapo Likoni. Najua madini hayo mengi huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka, si skrubu za meno. Lakini bado niliona ajabu, kitu kilichojaa chini ya miguu yetu kikaja kunishinda bei.

Na si uongo, kitu chenyewe kinafanya kazi. Msweden Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyeona miaka ya 1950 kwamba titani inashikana na mfupa. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa 1965 na akaishi nazo mpaka alipofariki 2006. Miaka arobaini na zaidi!

Nikaanza kupiga hesabu ya nani nimkope. Daktari akaniuliza, "Unavuta?" Nikasema shisha, wikendi tu. "Na ukipiga mswaki unatoka damu?" Nikanyamaza.

"Kijana wangu, hata mbegu nzuri haioti kwenye shamba bovu. Tutibu ufizi kwanza."

Moshi unachelewesha kupona, na ufizi mgonjwa unaweza kuiangusha hata implanti. Akaniambia pia nisilale, kwa sababu mfupa usio na jino unapungua, hasa mwaka wa kwanza. Kuna daraja, lakini hilo linataka meno mawili ya pembeni yachongwe, na yangu ni mazima. Na kuna jino la kuvaa na kuvua, la bei nafuu.

Nikarudi Msambweni na mawazo. Bibi yangu, ambaye magego yamemwisha zamani, alikuwa anakula muhogo wa nazi polepole. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, wataka jino la kula ama la kuonwa?"

Nilitaka kusema la kula. Ukweli ni la kuonwa, na sioni aibu, maana kuonwa ndiko kunakonilisha. Lakini deni la karibu laki nzima ndani ya mdomo wenye ufizi unaovuja damu? Hapana.

Kwa hivyo nimeamua. Nimesafishwa meno, shisha nimeacha wiki ya sita sasa, na jino la kuvaa nimelipata kwa elfu kumi na mbili. Iliyobaki inakaa. Mwaka haujaisha nitarudi kupiga eksrei, na mfupa ukiwa sawa na pesa ikiwa yangu, nitaweka. Wewe mwenye pengo, uliza kwanza hali ya ufizi wako, halafu ndiyo uulize bei.

Video ya leo nimeirekodi ufuoni bila kulivaa. Dakika ya pili nacheka. Msiiruke.