Mvita, Gongwa na Mombasa

Nyumbani kwetu Kibokoni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mombasa lilikuwa jina la bahasha. Liliandikwa kwenye barua, kwenye tikiti za gari la moshi na kwenye daftari zetu za shule. Watu wazima wakizungumza wenyewe kwa wenyewe walisema Mvita. Mgeni akimuuliza nyanya kwao ni wapi, alijibu, "Mimi ni mtu wa Mvita," na kwa neno hilo alikuwa ameshataja mji, ukoo na lahaja yake kwa mara moja. Mvita ni mahali, Wamvita ni taifa mojawapo katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na Kimvita ndicho alichotugombezea.

Jina la tatu tulilisikia barazani baada ya sala ya alasiri, kahawa chungu ikizungushwa. Hilo ni Gongwa, au Kongowea. Hakuna aliyemwelekeza mtu njia kwa jina hilo. Lilikaa katika mashairi na hadithi. Muyaka bin Haji alilitia katika tungo zake katika karne ya 19, na wazee wetu walimjua Muyaka kwa moyo. Walisimulia kwamba Kongowea ilikuwa ya malkia Mwana Mkisi, kisha akaja Shehe Mvita, na ukoo mpya ukashika mji. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mmoja alishikilia kwamba Mvita imetoka kwenye vita. Mwenzake akamkatiza: "Mtu kwanza, bwana, vita baadaye!"

Sisi vijana tuliokaa chini ya baraza tuliona kila mmoja ana haki yake, maana vita vyenyewe havikukosekana. Mreno Francisco de Almeida aliuchoma mji mwaka 1505. Mwenzake Nuno da Cunha akauteka mwaka 1528. Mwaka 1589 Wareno walikuja tena kwa merikebu, na wakati huo wapiganaji Wazimba walikuwa wamekwisha kufika ng'ambo ya bara. Miaka minne baadaye Wareno wakaanza kujenga ngome, ambayo kwetu haikuitwa Fort Jesus. Tulisema tunakwenda Ngomeni, basi.

Wazee wale waliliona jina Mombasa kuwa la wageni, la serikali na la watu wa bara. Kwa hiyo shuleni nilishangaa mwalimu wa historia aliposema kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyelala hapa usiku mmoja mwaka 1331, aliuita mji, kwa maandishi ya Kiarabu, Manbasa. Aliandika kwamba kisiwani hakulimwi nafaka, inaletwa kutoka bara, misikiti ni ya mbao na watu ni wacha Mungu. Nilimpelekea maalim wetu wa chuo cha Kurani habari ile, naye akacheka. Akaniuliza, nuni tuli ikifuatwa na be husomwaje? Kila mtoto wa chuo aliijua kanuni hiyo: nuni hugeuka mimu. Basi, akasema, soma. Nikasoma: Mambasa. Jina la bahasha lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 600, na mabaharia walikuwa nalo kabla Wareno hawajaligeuza kuwa Mombaça, kama mshairi wao Camões alivyoliandika mwaka 1572.

Kongowea nayo ilipata ushahidi wake ardhini. Upande wa kaskazini wa kisiwa, kwenye eneo la Hospitali Kuu ya Pwani, mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1980: mabaki ya mji wa kale, yanayorudi nyuma hadi karibu mwaka 1000. Wazee walikuwa wakisema siku zote kwamba mji wa mwanzo ulikuwa kaskazini. Mwaka huohuo wa 1980 daraja jipya la Nyali lilifunguliwa, likachukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. Ukivuka siku hizi ukasema Kongowea, konda anakushusha sokoni, kwenye viazi, vitunguu na mitumba. Jina la mji wa malkia limebaki ng'ambo, bara.

Nyanya hakuona mgongano wowote katika haya. Akimwandikisha mtoto zahanati alisema Mombasa, akimposea mjukuu mke alisema Mvita, na harusini, tungo zikiimbwa, Gongwa ilimtoka bila kufikiri. Jina alilichagua kwa kumtazama anayezungumza naye. Wajukuu zangu wanasema Mombasa kwa kila mtu, na Mvita wanaijua kama jimbo la uchaguzi, lenye mbunge na mipaka yake kwenye ramani. Majina yote matatu yangali hai. Kilichopungua ni watu wanaojua lipi ni la nani.