Mlima Kenya Hauulizi Alama za Mtihani

Mwanafunzi anayewania ngazi ya Dhahabu katika Tuzo ya Rais, mpango ulioanzishwa nchini mwaka wa 1966, hutakiwa kusafiri siku nne na kulala nje usiku tatu. Baadhi yao hupelekwa Mlima Kenya. Shule zinazoichukulia safari hiyo kama pikiniki, kwa maoni yangu, heri zibaki Nairobi.

Njia ya Naro Moru ni fupi, na huwaumbua wenye haraka. Usiku wa kwanza hulalwa kwenye kituo cha hali ya hewa, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Kesho yake kuna kinamasi kilichoinama kama paa; ukichomoa mguu huu, ule mwingine umezama. Ndipo hufunguka bonde la Teleki, lenye lobelia ndefu kumshinda mtu, na pimbi wanaokuja kudoea makombo.

Mwaka mmoja niliandamana na kundi la kidato cha tatu hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200. Tabia za bwenini zilipanda nasi. Kijana aliyezoea kufuliwa soksi na wanafunzi wa kidato cha kwanza alitafuta wa kumchotea maji, akakosa.

Saa nane usiku tulianza kupanda changarawe, hatua mbili mbele, moja nyuma. Tulinuia kufika Lenana, mita 4,985, mahali Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya taifa Desemba 1963. Karibu na kibanda cha Austrian, msichana mmoja alianza kutapika na kuyumba. Ugonjwa wa mlima hauna dawa bora kuliko kushuka.

"Binti huyu ateremke sasa hivi," akasema mzee aliyetuongoza. Msaidizi wake angemshika mkono, lakini alihitajika mwenzake mmoja wa kufuatana naye. Kilele kilikuwa kinaonekana. Kiranja alitazama viatu vyake.

"Mwalimu, nitashuka naye," akasema yule wa soksi.

Sitadai kwamba alibadilika ghafla. Huenda alikuwa amechoka tu. Tuliporejea kambini, yapata saa nne asubuhi, msichana alikuwa amekaa juani akila biskuti, na chai ilikuwa tayari. Kijana alitumiminia sote, kisha akatangaza kwamba kila mtu ataosha kikombe chake.