Nimechora kikombe mkononi, kumbe jina langu siyo kikombe

Wadau, mwenzenu nina tattoo ya kikombe mkono wa kushoto, ndogo tu, chini yake neno moja: CALIX. Kuna wanaodhani ni kombe la mpira. Leo naeleza.

Naitwa Calist. Nilipokuwa mtumikiaji parokiani, dingi alikuwa ananionyesha kalisi ya padri, ile ya ndani dhahabu tupu, ananiambia, "Unaona ile? Ndiyo jina lako. Kwa Kilatini ni calix. Wewe ni kikombe changu." Nilikuwa natembea kifua mbele, acha tu. Dingi alifariki mwaka juzi. Baada ya mazishi nikaenda kuchorwa.

Sasa mwezi uliopita jamaa yangu mmoja, alipita seminari zamani, kauona mkono kacheka. Akanipa ukweli mzima: Calist haitoki kwenye calix hata kidogo. Inatoka kwa Papa Callixtus, wa kwanza aliuawa mwaka 222 hivi, na lenyewe ni la Kigiriki, kallistos, yaani mzuri kuliko wote. Calix ni kikombe kweli, lakini Warumi walikinywea divai mezani na vilabuni kabla hakijafika altareni. Halafu (huyu jamaa hana huruma) akaongeza kwamba mafundi maji wa Roma waliita calix kile kipande cha bomba la shaba kilichopima maji ya kila mteja. Yaani mimi nimejichora mita ya maji!

Nilikasirika, na wala siyo kwa kuchekwa. Vitu vya dingi tuligawana na ndugu zangu, mimi nikaona hilo neno ndilo langu peke yangu. Nikalala nalo siku mbili, ya tatu nikampigia mama.

Akanyamaza, kisha akacheka taratibu. "Mwanangu, baba yako alijua. Padri alimwambia siku ya ubatizo wako. Akasema mtoto ukimwambia ni mzuri kuliko wote atakuwa na maringo, bora aambiwe ni kikombe."

Fundi wa tattoo alishaniambia ile X inageuzika kuwa ST kwa elfu thelathini, nimpelekee mkono Jumamosi. Jumamosi imepita. Anapiga simu, sipokei.